Zulia la Miaka Ishirini

Jumatano, 4 Oktoba

Mume wangu Wilf ameteleza ngazini asubuhi hii. Hakuvunjika kitu, ila kiwiko kimevimba, na amenifokea kana kwamba mimi ndiye niliyemsukuma. Nilipokwisha kumkalisha na chai yake nikaenda kuikagua ngazi. Karibu na juu zulia limekwisha kabisa pale ukingoni, umebaki uzi wa mgongo tu, unateleza kama sabuni. Zulia hili tulilitandika binti yetu Lorraine akiwa bado anasuka mikia miwili kwenda shule, na leo Lorraine anaficha mvi kwa rangi ya chupa. Limetutumikia vya kutosha. Sasa nitafute jingine.

Naandika humu kwa sababu Bi. Thackray, muuguzi anayekuja kumwangalia Wilf, ameniambia niweke tarehe na hali yake ya kila siku, ili daktari aone ugonjwa wa kusahau unakwendaje. Sawa, nitaandika. Lakini nikiandika habari za Wilf peke yake nitalia, kwa hiyo nitachanganya na habari za zulia.

Alhamisi, 5 Oktoba

Mvua kutwa. Wilf ameniita Enid, jina langu, kila aliponiita. Siku njema.

Jumamosi, 7 Oktoba

Lorraine amekuja kutoka Leeds na picha za mazulia kwenye simu yake, yote rangi moja, yote meupe-meupe kama uji uliopoa.

"Mama, siku hizi watu wanaweka rangi nyepesi. Ngazi zenu ni giza, zinahitaji nuru."

"Nuru ipitie dirishani. Ngazi inakanyagwa na viatu."

"Nani anapanda na viatu humu? Wewe na Baba mnashinda na ndara."

"Na wewe hapo ulipo, umetoka kupanda chooni na nini miguuni?"

Akajitazama miguu. Matope ya barabarani, na majani mawili ya mti yamegandia kisiginoni. Akavua viatu, na mimi nikajisikia vizuri mpaka saa ya chakula.

Hawa watoto hawajui. Mimi nilikulia katika kiwanda cha mazulia. Mji wetu wote wa Halifax ulikula kwa mazulia zamani hizo, na kazi yangu ilikuwa kukaa chini ya taa na sindano, kuziba kasoro zilizoachwa na mashine, mpaka kiwanda kilipofungwa. Kila nyumba ya mtaa wetu ilijua kwamba ngazini unaweka zulia la giza lenye maua. Maua yanaficha doa, giza linaficha uchakavu. Zulia la rangi ya uji ni la watu wanaoajiri mtu wa kufagia.

Wilf alikuwa akitusikiliza kwenye kiti chake. "Mwache mama yako," akamwambia Lorraine. "Yeye akishika zulia kwa mkono mmoja anakwambia limefumwa siku gani ya wiki." Tukacheka wote watatu. Halafu akamuuliza Lorraine kama amekuja kusoma mita ya gesi. Lorraine akasema ndiyo, mita iko sawa, akaenda jikoni akafungulia maji ya bomba, akasimama hapo maji yakimwagika bure.

Jumatatu, 9 Oktoba

Bi. Thackray amekuja. Ametazama kiwiko, kisha akatazama ngazi muda mrefu kuliko alivyotazama kiwiko.

"Enid, hivi chini hakuna choo?"

"Hakuna. Choo juu, bafu juu, kitanda juu."

"Na kile kiti cha umeme cha kupandishia wagonjwa?"

"Walikuja kupima. Ngazi nyembamba, halafu ina kona. Hakikai."

Akafunga mkoba wake polepole. "Basi sikiliza, Enid. Maadamu anapanda na kushuka mwenyewe, mtaendelea hapa hapa. Siku ngazi ikimshinda, itabidi tuzungumze."

Hakusema tuzungumze nini, wala sikumuuliza. Mama yake Wilf alimalizia maisha yake kwenye nyumba ya wazee kule bondeni, na kila Jumapili tulipotoka kumwona Wilf alikuwa hazungumzi mpaka tufike nyumbani. Nilimwapia Wilf kwamba yeye hatakwenda kule. Alinishika mkono wakati huo na akili yake ilikuwa nzima.

Kwa hiyo hili si pambo la nyumba. Nitaweka zulia ambalo mtu hatelezi hata akitaka, na litakaa mpaka mmoja wetu atakapotolewa humu amebebwa.

Jumamosi, 14 Oktoba

Dukani kwa Bwana Murgatroyd. Nilimchukua Wilf, nikamvalisha tai, kwa sababu akivaa tai anakuwa mtu.

Murgatroyd anauza mwenyewe na anatandika mwenyewe, mtu wa tumbo kubwa na kalamu sikioni. Alianza kunionyesha vitu vya plastiki. "Hili hapa, mama, ukimwaga hata mvinyo unafuta na dawa ya choo."

"Sina mpango wa kumwaga mvinyo wala kufuta zulia kwa dawa ya choo. Plastiki ikishalala ukingoni haiinuki tena. Nionyeshe sufu."

"Sufu bei yake imepanda."

"Nimekuuliza bei?"

Wilf akacheka kwa sauti. Miezi mingi sijasikia kicheko kile.

Basi nikaanza kazi. Yale ya vitanzi nikayapita, maana ukucha mmoja wa paka ukinasa, mstari mzima unafumuka. Yale mazito ya manyoya marefu nikayapita pia, kwa sababu ngazini yanauviringisha ukingo na mguu haujui ngazi imeishia wapi. Nilitaka nyuzi fupi, zilizobanana, sufu sehemu nane na nailoni mbili. Kila sampuli niliikunja juu ya ngumi na kutazama kama mgongo wa zulia unaonekana katikati ya nyuzi. Ukionekana dukani, baada ya miaka mitatu utauona nyumbani. Murgatroyd alibaki amesimama na kalamu yake.

"Wewe ulikuwa wapi miaka yote nikihangaika na wateja?" akauliza.

Nikalipata nyuma kabisa ya duka, kipande cha mwisho cha bunda lililokwenda hotelini. Buluu ya giza karibu na nyeusi, majani meusi, maua mekundu yaliyoiva. Nilipolikunja halikuonyesha mgongo hata chembe. Kwa kuwa ni baki, bei ikashuka mpaka Murgatroyd mwenyewe akaguna.

"Hili miaka ishirini," nikamwambia Wilf.

Wilf akapitisha kiganja juu yake, kwenda na kurudi. "Hili litatuzika sote," akasema.

Nikaagiza na sponji ya chini iliyo ngumu, si ile laini inayozama, kisha nikataka urefu wa ziada ukunjwe kule juu, ili baada ya miaka michache zulia livutwe kidogo na ukingo uchakae mahali papya.

"Bi. Sugden, hiyo sijaisikia tangu baba yangu afariki," Murgatroyd akaniambia.

"Basi leo umeisikia."

Nimerudi nyumbani na furaha ya kijinga. Nimekaanga soseji na vitunguu, na Wilf amekula zote.

Jumanne, 17 Oktoba

Ukungu. Viatu vya Wilf vilikuwa ndani ya tanuri la jiko. Nilivigundua kabla sijawasha, kwa bahati.

Jumatatu, 23 Oktoba

Mvua. Ameteleza tena palepale, nikamdaka kwa ukosi wa shati. Nilimwambia vumilia, Jumamosi zulia jipya linakuja.

Jumamosi, 28 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Murgatroyd alikuja mapema. Akang'oa la zamani, vumbi likajaa nyumba, mimi na Wilf tukakaa jikoni na biskuti. Aligonga nyundo mpaka mchana, na ile kona aliikata vizuri sana, sikuwa na la kulalamika, na mimi nililitafuta. Nilipotoka kutazama nilishika kifua. Ngazi yangu mimi, ya nyumba ya matofali iliyobanana na nyumba nyingine za namna ileile, imekuwa ya kupandia bibi harusi. Nilikanyaga ukingo kwa ndara, nikasukuma mguu kwa nguvu. Hauendi popote.

Nikamwita Wilf. "Njoo ulifungue wewe, kama meya."

Akaja anatabasamu. Akashika mkono wa ngazi, akainua mguu, na mguu ukabaki hewani. Akaurudisha. Akainua tena.

"Panda, mpenzi."

"Pamechimbwa," akasema.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilidhani ni mzaha, maana Wilf ni mtu wa mizaha.

"Enid, hapa pana mashimo. Wamechimba. Tazama, yanakwenda chini kabisa."

Nikamshika kiwiko, kile kilichovimba, nikamsukuma kidogo. Nikamwambia acha upuuzi, ni zulia, wewe mwenyewe ulilishika. Vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania mbao mpaka vimekuwa vyeupe, na jasho linamtoka katika baridi ile. Kisha nikaona suruali yake imelowa mpaka chini, na choo kiko juu.

Murgatroyd alikuwa bado anakusanya vyombo vyake. Akageuza uso ukutani. "Macho yatazoea, mama," akasema. "Wapo wanaochukua siku mbili tatu." Alisema kwa huruma, lakini nilitamani aondoke.

Nimemwosha Wilf jikoni kwa beseni. Atalala kwenye kiti.

Jumapili, 29 Oktoba

Nimejaribu kumwonyesha. Nikapanda na kushuka, nikapanda na kushuka, nikiimba kama kichaa ili aone. Alisimama chini ameshika kichwa. "Enid, utadumbukia! Shuka! Nani atakutoa humo?" Alikuwa akilia. Hakuogopa kwa ajili yake, aliogopa kwa ajili yangu. Nikashuka.

Jumatatu, 30 Oktoba

Ndoo jikoni badala ya choo. Kiti badala ya kitanda.

Jumatano, 1 Novemba

Bi. Thackray ameingia, akaiona ngazi, akasema "Aaa, Enid," kwa sauti ambayo sikuipenda.

"Nini?"

"Wagonjwa wa namna hii rangi ya giza chini wanaiona shimo. Na maua wengine wanaona wadudu, wanaona vitu vinatembea. Hukuambiwa?"

"Nani angeniambia? Wewe ulikaa hapo hapo, ukaitazama ngazi."

Akaweka mkoba wake chini. Kisha akasema, na ninamheshimu kwa kusema, "Kweli. Sikujua kama utabadilisha zulia. Ningekwambia uweke rangi moja, nyepesi."

Rangi ya uji. Binti yangu alikuwa sahihi, ingawa wala yeye hakujua kwa nini. Na mimi, pamoja na ngumi yangu na sufu yangu sehemu nane, nimemchimbia mume wangu shimo kati yake na kitanda chake. Nimelichagua mwenyewe, nikajisifu, nikala soseji.

Jumapili, 5 Novemba

Usiku wa fataki mtaani. Nilioka keki ya tangawizi kama kila mwaka, Wilf hakuigusa, kila mlipuko aliinamisha kichwa. Mchana nilikuwa nimetandaza mashuka meupe juu ya ngazi yote. Akapanda! Akapanda bila woga, mimi nyuma yake. Kisha shuka likateleza chini ya mguu wake, akaanguka magoti, nami nikambana na kifua changu tusiporomoke wote wawili. Nimeyakusanya mashuka. Hilo halitarudiwa.

Jumanne, 7 Novemba

Nimempigia Murgatroyd. Zulia limekatwa kwa ngazi yangu, halimfai mtu mwingine duniani. Anaweza kuniwekea jingine la rangi nyepesi, lakini ana kazi mpaka karibu na Krismasi.

"Ningekuja kesho, Bi. Sugden, nikipata mikono mingine miwili."

Namwamini. Ila Krismasi ni mbali kwa mtu anayelala kwenye kiti.

Jumamosi, 11 Novemba

Baridi kali. Miguu ya Wilf imevimba kwa kukaa. Ameuliza tutakwenda nyumbani lini.

Jumanne, 14 Novemba

Lorraine amechukua likizo akaja. Tulikaa jikoni, Wilf anasinzia chumba cha pili.

"Mama, nitalipa mimi hilo jingine. Usibishe."

"Sibishi."

Akashangaa. Nadhani ni mara ya kwanza.

"Na sikuja kukwambia 'nilikwambia'."

"Sema tu, nipumue."

"Nilikwambia."

Tukacheka mpaka tukashikana, na kabla kicheko hakijaisha tulikuwa tunalia. Nilikuwa nikimwona mtoto huyu kama mtu wa mjini, mtu wa simu na rangi ya nywele. Leo amemwosha baba yake, akamkata kucha, akajibu maswali ya mita ya gesi kwa subira ambayo mimi sina. Sijui alijifunza kwa nani, maana si kwangu.

Alipokuwa anaondoka akasema, bila kunitazama, kwamba Bi. Thackray amempigia simu. Kule bondeni, kwenye nyumba ya wazee, pana nafasi. Nafasi hizo hazikai.

"Nilimwapia," nikamwambia.

"Najua, Mama."

Jumatano, 22 Novemba

Kidonda mgongoni mwa Wilf, kwa sababu ya kulala kitini. Bi. Thackray amekifunga, kisha ameandika.

Jumapili, 26 Novemba

Naandika ya jana. Niko kwa Lorraine, kwenye chumba cha wageni; yeye amebaki nyumbani kwetu na baba yake.

Jana niliamka nimeamua. Kwa nini nisubiri Krismasi? Chini ya zulia kuna mbao, na mbao ni nyeupe. Nitaling'oa mwenyewe, Wilf apande kwenye mbao tupu, kelele na baridi si kitu. Wilf alikuwa amesinzia baada ya uji wake wa shayiri. Nikachukua koleo na nyundo ya kung'olea, nikapiga magoti chini ya ngazi.

Halikutaka kutoka. Nililichagua lisitoke. Lakini nilivuta kwa uzito wangu wote, misumari ikachana viganja, na kidogo kidogo likaanza kunifuata. Nilipofika kwenye kona nikageuka kutazama chini. Mbao safi, nyepesi, kila ukingo unaonekana. Nikasema moyoni, leo analala kitandani. Nilikuwa na uhakika kabisa.

Nikasikia nyuma yangu, "Wee mama!"

Wilf amesimama chini, fimbo yake ya kutembelea imeinuliwa.

"Wilf, ni mimi. Tazama, hakuna mashimo tena. Njoo."

"Wewe nani? Nani kakufungulia mlango?"

"Ni mimi, Enid."

"Usinitajie mke wangu!" Sijawahi kumsikia akipaza sauti vile. "Hilo zulia ni lake. Kalichagua mwenyewe. Kalikunja juu ya ngumi hivi, yule mwenye duka akabaki mdomo wazi. Wewe unajua nini habari za mazulia?"

Alikumbuka. Katika vyote alivyopoteza, hilo alikuwa nalo.

"Sijui kitu," nikamwambia.

"Basi lirudishe. Mwizi mkubwa wee, na umri wote huo."

"Mkeo yuko wapi?"

Fimbo ikashuka kidogo. Akapunguza sauti. "Yuko juu, amelala. Kachoka sana, ana mtu mgonjwa wa kuuguza. Usije ukamwamsha na minyundo yako."

Ningeweza kubishana. Ningeweza kuendelea kung'oa, maana zilibaki ngazi chache. Lakini nilimtazama usoni, nikaona anachokilinda, nikaweka koleo chini. Nikashuka. Nikalivuta zulia, nikalipigilia upya, ngazi baada ya ngazi, na yeye amenisimamia. "Hapo pamekaa upande. Bonyeza. Eh, hivyo." Giza likarudi mpaka chini, mbao yote ikafunikwa.

Nilipomaliza akafungua mlango wa mbele akanielekeza njia kwa fimbo. Nikatoka. Mvua, ndara miguuni, bila koti. Nikasikia komeo linapita. Nikainama kwenye kitundu cha barua mlangoni, nikamwona amesimama mbele ya ngazi, mbali nayo kidogo, anaongea kuelekea juu.

"Kaondoka, Enid. Zulia lako lipo. Lala tu, mpenzi, niko hapa."

Nikagonga. Nikaita. Hakunifungulia mimi. Jirani akampigia Lorraine simu. Lorraine alipofika alimwambia amekuja kusoma mita, ndipo akafungua.

Jumatatu, 27 Novemba

Nimemwambia Bi. Thackray tuchukue ile nafasi. Niliisikia sauti yangu ikisema.

Jumatano, 29 Novemba

Nimeandika jina lake ndani ya nguo zake zote, hata soksi.

Alhamisi, 30 Novemba

Amekwenda leo asubuhi. Barafu barabarani, gari lilichelewa. Nilijiandaa kwa ugomvi na machozi lakini hapakuwa na lolote. Alikubali kuvaa tai, akakubali kushikwa mkono. Mlangoni Lorraine alishindwa kujizuia akalia kwa sauti, na Wilf akamgeukia akamwekea kidole mdomoni.

"Shh, binti. Mke wangu amelala juu."

Mimi ndiye niliyekuwa nimemshikia koti.